Nimeangushwa mzunguko wa mwisho

Leo nimepigwa mateke mbele ya soko la Volo Volo, baiskeli ikiwa bado juu yangu.

Mashindano yetu ya mtaani hapa Moroni, mzunguko wa mwisho, naongoza. Jamaa mmoja akachomeka fimbo kwenye gurudumu la mbele. Nikaangukia mdomo.

"Mnzwani wewe, rudi ukajitenge kisiwani kwenu," akasema, huku ananikanyaga mbavu.

Saidi, mpinzani wangu, alikuwa nyuma. Angepita tu, ashinde. Akashuka, akamtwanga yule jamaa ngumi mpaka damu ikamtoka puani.

Yule jamaa ni kaka yake Saidi wa tumbo moja.

Kwao wamemfukuza Saidi, yuko hapa kwangu. Mama kapiga simu kutoka Mutsamudu, kisiwani kwetu Nzwani, kuuliza nimekuwa wa ngapi.

Nimjibuje, jamani?