Tenki la Mwaloni Lirudi Mahali Pake

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja kumshukuru Mungu pamoja nami. Mchungaji ameniruhusu niseme kabla ya chakula. Mume wangu Masatu ameniomba niseme kwa upole. Nitajaribu.

Kwa wageni mliotoka Bunda na Butiama, mimi ni Nyangeta, mkazi wa hapahapa Mugango, muuza dagaa. Kabla ya kuugua nilikuwaga mtu wa mbio. Asubuhi na mapema niko mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, napokea dagaa kwa wavuvi, naanika, nikijaza magunia napeleka Bunda. Dagaa walionyeshewa na mvua kabla hawajakauka nilikuwaga nawajua kwa pua tu, hata gunia halijafunguliwa. Wanawake wenzangu walikuwa wakiniita Pua, na nilijivunia hilo jina.

Ule ugonjwa ulipoingia nchini, mnakumbuka. Shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, biashara ikalala. Kijiji kikapewa tenki jeusi la maji, likawekwa pale pa kuingilia mwaloni. Lilikuwa na mabomba, na sabuni ilining'inia ndani ya kipande cha wavu ili isiibiwe. Hakuna aliyegusa samaki kabla ya kunawa. Barakoa tulivaa, tukilalamika, lakini tulivaa.

Halafu serikali ikalegeza masharti. Sikatai, watu lazima wale. Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Ila ukimlegezea ng'ombe kamba ili ale majani, kamba unabaki nayo mkononi. Hapa kwetu gari lilipita na kipaza sauti: "Wananchi, endeleeni na shughuli zenu, hali ni shwari." Basi, likapita. Hakuna aliyeshuka kutuambia tuache nini na tuendelee na nini. Siku ya pili barakoa zimezagaa njiani, watoto wanazifanya manati. Na tenki likaondoka. Mwenyekiti wetu wa kijiji, nakuona hapo kiti cha mbele, ulilipakia kwenye mkokoteni mchana kweupe, ukasema unakwenda kulitunza. Ndama wako wanalinywea mpaka leo.

Sinyamazi, Masatu. Kaa, nimalize.

Wiki zile akafariki mjomba wangu huko Butiama. Nilikwenda na barakoa yangu, nikasema nitasalimia kwa mbali. Mnajua misiba yetu. Unapitia mstari mzima unatoa mkono wa pole, na usipotoa wanasema una jambo na marehemu. Nilipofika kwa shangazi yangu, naye yuko mstarini, nikaweka mkono kifuani, nikainama. Shangazi akapaza sauti watu wote wasikie: "Eti Nyangeta! Siku hizi sisi tunanukaga?" Watu wakacheka, msibani. Mmoja akadakia, "Hiyo barakoa ya nini, hukusikia wametangaza ugonjwa umeisha?" Nikaona aibu, nikaivua. Shangazi akanikumbatia, akalia shingoni mwangu, na katikati ya kulia akawa anakohoa. Nilisikia kifua chake kinavyotetemeka. Na kwenye boma lote hakukuwa na hata kopo la maji ya kunawa.

Siku chache baadaye nilinunua dagaa, nikainamia magunia kunusa kama kawaida yangu. Nikaona wako sawa, nikapeleka Bunda. Nilipofungua gunia la kwanza wateja wakarudi nyuma wameziba pua. Mama mmoja akanifokea: "Wee mama, umetuletea mizoga?" Nikachota dagaa kiganjani, nikawaleta mpaka puani. Hakuna kitu. Nikachukua kitunguu cha jirani nikakipasua. Hakuna kitu. Wenzangu wakanicheka, mimi nikafunga gunia. Nilijua pua yangu imekufa, na sikujua ni nini kinafuata.

Kilichofuata ni homa. Mifupa ikauma, hasa ya mgongo. Nikaharisha mpaka nikavishwa nepi kama mtoto. Majirani wakasema ni malaria, nikameza dawa ya malaria. Wakasema nijifukize, nikafunikwa blanketi juu ya sufuria la majani yanayochemka, nikaungua paja. Kovu ninalo. Kikohozi kikaja kikavu, kisicho na makohozi. Mwishowe kutoka kitandani kwenda mlangoni nilikuwa nakaa chini njiani kutafuta pumzi. Masatu akaniangalia kucha, zimekuwa za bluu. Akasema, "Mama watoto, twende Musoma." Alinibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini daktari alinibana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa mwilini, akaandika. Nikamuuliza, "Daktari, ni ule ugonjwa?" Akatazama mlango kwanza. Akasema, "Mama, sisi tunaandika changamoto ya upumuaji." Changamoto! Changamoto ni mtumbwi kuvuja. Mimi nilikuwa nakufa, na watu wazima wanaogopa kutaja jina la kinachoniua! Kama jina halitajwi, nani atamwambia shangazi yangu asikumbatie watu anapokohoa?

Mtungi wa oksijeni tulikuwa tunaugombea wodi nzima. Kitanda cha pembeni alilazwa mama wa Kisorya, mcheshi, aliniahidi nikipona atanipikia sato. Ndugu zake waliingia kundi zima, wakainama juu yake mmoja mmoja, hakuna mwenye barakoa wala aliyewazuia. Muuguzi alikuwa mmoja, na yeye kachoka. Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda kile kimetandikwa shuka safi. Nililia, na kulia kwenyewe kulinimaliza pumzi.

Muuguzi yule ndiye aliyenilaza kifudifudi ili kifua kipate hewa. Akaniambia, "Lala hivyohivyo hata ukichoka. Usikate tamaa, mama." Masatu alininawisha, akabeba beseni la haja yangu bila kukunja uso. Nywele zilikatika, sauti ikapotea. Polepole kifua kikafunguka. Siku niliyotembea mpaka dirishani peke yangu, nikaliona ziwa, nilimwita Mungu kwa jina lake lote. Na siku niliposikia harufu ya sabuni mikononi mwa muuguzi nilimshika mikono nikaing'ang'ania, mpaka akacheka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Masatu, muuguzi, na daktari pia, najua hakupenda alichoandika. Na ninyi mnaoumwa kifua na kukaa ndani mkisingizia malaria, nendeni hospitali mapema, msisubiri kucha zibadilike. Kwenye msiba mtu akiinama kwa mbali, mwacheni, ana upendo uleule. Ukikohoa, baki nyumbani, tutakusalimia dirishani. Na serikali, kuanzia huko juu mpaka hapa kijijini: mkitufungulia, tuambieni ukweli, na maji muyaache palepale. Kufungua ni kazi ya siku moja. Kututunza baada ya hapo ndiyo kazi tuliyowapa.

Mwenyekiti, ulipoingia ulininyooshea mkono wa hongera, mimi nikaficha wangu ndani ya kanga. Nilisikia watu wakiguna. Sikukudharau, baba. Mkono huu nitakupa, tena kwa furaha, siku utakayonisubiri mwaloni pembeni ya lile tenki, maji yanatoka. Ndama wako wana ziwa zima la kunywa.

Chakula kiko tayari. Pale mlangoni iko ndoo yangu, na sabuni nimeifunga kwenye wavu kama zamani. Anza wewe kunawa, Mwenyekiti. Tunakuangalia.