Alama Kwenye Ganda

Katika ploti tunayoishi, Kawangware 46, kuna wataalamu wawili wa kuwinda nyati. Nyati hakuna. Mnyama mkubwa kuliko wote anayepita hapo ni mbuzi wa jirani, na hata huyo hula maganda ya viazi bila wasiwasi wowote. Wataalamu wenyewe ni baba yangu, aliyetoka Kitui akaja kukaa nami magoti yalipomshinda, na mwenye ploti, mzee wa Kikuyu aliyeachiwa shamba la mahindi na babake akalivunisha nyumba za mabati. Kila asubuhi wakishakunywa chai hukaa kwenye benchi karibu na mfereji na kubishana kuhusu risasi.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini kabla sijazaliwa. Nalijua hilo, nao wanalijua. Lakini ukipita hapo na ndoo yako utadhani kesho alfajiri wanatoka.

Baba alikuwa mfuata nyayo. Enzi za uwindaji wa leseni alifanya kazi kwa mzungu mmoja aliyepeleka wageni porini. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo, kubeba bunduki na kuwaomba wageni wanyamaze. Bunduki anayoisimulia ilikuwa ya zamani hata kwa wakati huo, kwani mzungu aliirithi. Nyuma ya kifyatulio, pale vidole vinaposhika, palikuwa na wenzo wa chuma uliopindwa kama mkono wa kikombe. Unausukuma mbele, ganda tupu linaruka. Unaurudisha, risasi mpya inaingia. Risasi zake zilikuwa za unene wa wastani, si za tembo na si za digidigi, nazo zilipangwa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo pua zao zilikuwa butu. Pua iliyochongoka ingegonga fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi iliyo mbele yake, na hapo ungekuwa umejiwinda mwenyewe. Wenzangu walipokuwa wanafundishwa nyimbo na baba zao, mimi nilifundishwa hayo.

Pua butu haipendi safari ndefu. "Ile ni risasi ya karibu," baba husema, na husema hata kama umemuuliza chumvi iko wapi. "Ukipiga kutoka mbali unamuumiza mnyama tu, unamwacha ateseke. Sogea. Sogea mpaka na yeye akuone. Kama unaona haya kumtazama machoni, rudi nyumbani ule maharagwe."

Mwenye ploti hajawahi kushika bunduki, lakini ana simu kubwa na data ya kutosha. Tangu wajukuu wake wamfundishe kutafuta video, amekuwa akitazama wazungu wenye ndevu wakisukuma wenzo msituni kwenye theluji na kueleza, kwa muda mrefu kuliko mahubiri, risasi ipi ya zamani inaangusha nini.

"Mzee, hii yako ni ya deer," alimwambia baba siku moja, akimsogezea kioo puani. "Deer na dubu. Huyu jamaa amesema. Buffalo utamchekesha tu."

"Nyati wangu hakuwa ameona hiyo video," baba akajibu.

Huyo nyati ndiye kiini cha ugomvi wao. Kwa maelezo ya baba, mzungu alimpiga nyati kutoka mbali, ndivyo wafanyavyo watu wanaotaka kurudi kambini mapema, na nyati akaingia kichakani na jeraha. Walipomfuata, alitoka akija moja kwa moja. Mzungu akaitupa bunduki akapanda mgunga, mti wenye miiba mirefu kama sindano za magunia, na baadaye alilala kifudifudi akichomolewa miiba. Baba akaokota bunduki. Akasubiri mpaka akaona maji ya pua ya nyati yakirushwa na pumzi, ndipo akapiga. Picha ilipopigwa, aliyeweka mguu juu ya nyati alikuwa mzungu, akiwa amesimama tu kwa sababu hakuweza kukaa.

Na sasa lile jambo ambalo ni Mkamba tu angelifanya. Kwetu mshale una alama ya mwenyewe. Mnyama akianguka, watu hawapigi kelele. Wanauchomoa mshale, wanaangalia alama, na nyama ina mwenyewe. Baba, ambaye alijaza lile bomba kila asubuhi, alikuwa amechoka kuona wanyama aliowatafuta yeye wakipewa watu wengine. Basi akachukua kisu akazichora risasi alama ya mishale ya babu yangu: mikato miwili ya mshazari na mmoja wa kuikata. Alichora kwa uangalifu mkubwa, kwenye shaba, mahali pazuri penye nafasi.

Kwenye ganda, yaani.

Nyati alipoanguka, baba alimkimbilia kudai chake, akawaita wenzake waje waone alama. Ndipo alipokumbuka kwamba mshale huenda mzima, lakini risasi huenda kipande. Kilichoingia kwenye nyati kilikuwa kichwa cha risasi tu, kisicho na jina la mtu. Alama ilikuwa imebaki nyuma kwenye nyasi, pale wenzo ulipoitupa. Wafuata nyayo wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Alirudi akalitafuta lile ganda akalipata, na huo ndio ushahidi wake hadi leo: shaba ndefu kama kidole changu cha kati, inayothibitisha kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kufyatua kitu.

Ganda hilo analiwekea ugoro. Lina kizibo cha ngozi na mnyororo, naye hulivaa shingoni. Wazee wengi wa kwetu wana maganda kama hayo, na wengi wao hawajawahi kuwinda hata panya. Kwa hiyo mwenye ploti alikuwa na hoja nzuri. "Hiyo ulinunua soko ya Kitui, mzee. Na hiyo alama ulichora ukingoja gari." Mimi sikubishana na yeyote. Mama yangu alikufa haamini habari ya nyati, na nilimrithi yeye kwa mengi. Ilinichosha, nasema ukweli. Mtu mwenye magoti mabovu na soksi nilizomnunulia mimi, akiniambia jinsi ya kuvizia.

Siku polisi walipofanya msako nilikuwa Makina, ambako nina kibanda cha kushonea. Kulikuwa na sherehe karibu na msikiti na nilikuwa nimebanwa na kanzu za wateja. Simu ikalia. Alikuwa mwenye ploti.

"Mama, kuja haraka. Wamebeba babako. Amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kila kitu! Hata vile upepo ulikuwa unavuma."

Nilimwachia jirani cherehani na kanzu isiyo na mkono mmoja, nikatoka mbio hadi Nyayo Highrise ambako bodaboda hungojea abiria, na njiani mwenye ploti akanieleza yaliyobaki kwa simu. Kulikuwa na wizi wa mabavu mtaani, polisi wakaja kupekua vijana. Vijana wakaruka ukuta. Waliobaki wa kupekuliwa walikuwa wazee wawili kwenye benchi.

"Niaje mzee," afisa mmoja kijana akasema. "Hiyo kitu ya shingo ni nini?"

Sasa elewa: kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza baba yangu swali hilo kwa dhati. Akanyoosha mgongo.

"Ni ganda la risasi."

"Risasi ya nani?"

"Yangu. Nilipiga nayo nyati."

Na kijana akamwamini. Mke wake hakumwamini, binti yake hakumwamini, mwenye ploti alimcheka kila asubuhi. Mtu wa kwanza duniani kumwamini baba yangu alikuja na pingu.

Kituoni nilimkuta kwenye benchi jingine, miguu imenyooshwa mbele kwa sababu ya magoti. Ganda lilikuwa mezani kwa sajini, mtu mzima mwenye miwani, na kando yake kilima kidogo cha ugoro. Macho ya sajini yalikuwa mekundu. Alikuwa amelichunguza kwa pua.

"Mama, mimi sina shida na mzee," akaniambia. "Lakini amesema mbele ya vijana wangu alipiga hii kitu. Sasa lazima niulize bunduki iko wapi. Nisipouliza, mkubwa ataniuliza mimi. Tutafungua nyumba zote za hiyo plot, na yeye atalala ndani mpaka ijulikane. Ama aseme tu alinunua soko, ni ya ugoro, hajawahi shika bunduki. Nifunge hii maneno, tuende lunch."

Niliona Mungu ametufungulia mlango. Nikamgeukia baba. "Baba, sema ulinunua."

"Sikununua."

"Baba, seli iko na simiti na baridi. Hayo magoti hayatafika asubuhi."

"Najua seli iko na nini, mwiitu," akasema, akiniita binti kwa Kikamba kama anavyofanya akitaka nimsikilize. "Lakini sikununua."

Sajini akashusha pumzi, akamtazama mwenye ploti, aliyekuwa amevaa koti lake la kanisani kwa ajili ya shughuli hiyo. "Wewe ndiye landlord. Unamjua. Huyu ni mwindaji ama ni stori za wazee?"

Nikatulia. Hapa tulikuwa salama. Huyu mtu alikuwa amemwita baba mwongo kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Sasa alihitajika kusema hivyo mara moja tu, bure, na kila mtu aende nyumbani.

Mwenye ploti akafunga kifungo cha koti.

"Afande, mimi ni Mkristo," akasema. "Huyu mzee alipiga nyati. Na hiyo hiyo risasi. Hata video ziko, naweza kuonyesha."

Nilitamani kumpiga na kiatu. Wataalamu! Baba alimtazama, na nikaona kwamba mzee alikuwa karibu kulia kwa furaha, hapo kituoni, akielekea seli. Sajini akavuta kalamu.

Ndipo likanijia, wazi kabisa, jambo ambalo ningepaswa kulifikiria zamani. Mwongo angesema alinunua. Mwongo angekuwa amelinunua ganda hilo mara tatu na kutaja duka. Hakuna mtu anayelala kwenye simiti kwa ajili ya nyati ambaye hakuwako. Nilimtazama baba na nikamwona kijana aliyesimama wakati mwenzake amepanda mti, na moyo uliniuma kwa sababu alikuwa mzuri hivyo na mimi sikujua.

Nikaenda nikasimama mbele yake, karibu kiasi cha kugusana magoti. Nikamtazama machoni.

"Afande," nikasema, bila kugeuka, "baba yangu ni mwongo. Muulize mtu yeyote 46. Hajawahi kushika bunduki. Alikuwa mpishi wa kambi. Hilo ganda alilinunua Kitui, nilikuwepo."

Wale vijana wawili wakaangua kicheko. "Mpishi!" mmoja akasema. "Buda, ulipiga nyati na mwiko?"

"Ni hivyo, mzee?" sajini akauliza.

Baba alinitazama tu, hakupepesa, kisha akainamisha kichwa. Sajini alichukua hilo kuwa jibu, akaweka kalamu chini, akapangusa ugoro mezani kwa kiganja na kumrudishia ganda lake tupu.

Tulitoka nje, jua kali. Mwenye ploti alitangulia akinung'unika kwamba ushahidi wake haukuheshimiwa. Baba alitembea pole pole, ameushika mkono wangu, mpaka tukafika kwa wauza mahindi.

"Mpishi?" akasema hatimaye.

"Baba, ilibidi."

"Najua ilibidi." Akatembea kidogo. "Ungesema ukiwa kule mlangoni, nisingekusamehe. Lakini ulisogea."

Nikamwambia hapo hapo barabarani, nikilia kama mtoto na watu wakitupita, kwamba ninamwamini. Yote: nyati, mgunga, maji ya pua. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu kabla tu ya kumwita mwongo. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza risasi iliyopita kando, akaniomba nimnunulie ugoro.

Habari ya nyati bado inasimuliwa kwenye benchi, tena kwa nguvu kuliko zamani. Anayeisimulia sasa ni mwenye ploti. Kila mpangaji mpya anaipata pamoja na funguo: nyati ameongezeka uzito, mgunga umerefuka, na risasi inatajwa kwa jina lake la kwenye video. Mimi nikiwapo ninaitikia, naapa ni kweli, naonyesha mikato mitatu kwenye shaba.

Halafu wapangaji humgeukia mwenyewe, wakitaka kusikia kutoka kinywani mwake. Baba hufungua kizibo, hugonga ugoro kidogo kwenye kiganja, na kunitazama mimi.

"Mimi nilikuwa mpishi," husema.