Madirisha Mawili, Namba Moja

Hapa Malaba, madereva wawili wakishika namba moja, hakuna anayefikiria kompyuta. Wanafikiria mfuko wa karani. Mimi ni mzaliwa wa Amagoro, mpaka huu naujua, na bado nilikuwa nimelisahau jambo hilo nilipoamua kujifunza kuandika programu yenye nyuzi.

Nafanya kazi katika yadi ya malori, mahali ambapo madereva huegesha wakingoja karatasi zao zikamilike ndipo wavuke kuingia Uganda. Lori likiingia, dereva hupewa namba dirishani, na malori hutoka kwa kufuata namba hizo. Programu inayotoa namba niliiandika mwenyewe. Mwanzoni dirisha lilikuwa moja tu, na foleni ya kuingia ikawa inafika barabarani, askari wanakuja kufoka, mpaka siku moja mwenye yadi akaniita.

"Madam, tunaongeza dirisha ya pili. Hiyo mashine yako ihudumie watu wawili mara moja. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Uongo mtupu. Nilikuwa nimekula mshahara wa kazi hii miaka kadhaa bila kuandika programu inayofanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na niliona haya kusema. Nikaanza kusoma na kutazama video za watu wanaoongea haraka kana kwamba wamekatazwa kupumua. Nikajifunza kwamba programu inaweza kugawanywa kuwa nyuzi, kila uzi ukikimbia na kazi yake bila kuungoja mwingine. Kila dirisha nikalipatia uzi wake. Foleni ikaisha barabarani, mwenye yadi akaninunulia soda mbele ya watu, nami nikajiona mtu.

Dirisha la kwanza alikaa mpwa wa mwenye yadi. La pili akapewa mama mmoja wa Chakol, mtu wa makamo, mwenyekiti wa jumuiya yao kanisani. Alikuwa na mdomo huyo mama! Dereva akimtupia utani mmoja, anarudishiwa miwili. Mimi aliniita mtoto wangu, na kila asubuhi aliniwekea njugu alizokaanga nyumbani kwake. Nilimpenda, na nasema hivyo mapema kwa sababu yaliyofuata sijayazoea hadi leo.

Siku moja malori mawili yakafika kwenye lango la kutokea kwa pamoja. Moja lilibeba saruji, lingine mabati. Dereva wa saruji alikuwa Mganda. Akashuka, akaja kwangu na karatasi mkononi.

"Nyabo, namba yangu ni hii. Na huyu bwana ako na hiyo hiyo. Nani ameuza?"

"Mkono mtupu haulambwi," akasema yule wa mabati, naye Mkenya, akilitazama dirisha la pili. Hakulitazama la kwanza. Kila mtu alijua yule kijana ni mpwa wa nani.

Nikatoka mbio kwenda kwa mwenye yadi, kwa maana kosa nilikuwa nimekwisha kulihisi. Kila uzi husoma namba ya mwisho iliyotolewa, huongeza moja, kisha huandika ile mpya. Nyuzi mbili zikisoma kwa wakati mmoja, kabla wowote haujaandika, zote zitaongeza moja juu ya namba ile ile. Nikamweleza mzee kwa lugha ya jikoni: wapishi wawili, sufuria moja, kila mmoja ameonja mchuzi akakuta hauna chumvi, kila mmoja akatia.

"Sawa," akasema. "Kwa hivyo kuna mtu ametia chumvi mara mbili. Ni nani?"

"Si mtu, mzee. Ni programu. Kosa ni langu."

"Wakati wa dirisha moja ilikuwa inafanya hivyo?"

"Hapana."

"Basi kitu imeongezeka hapa ni huyo mama."

Nilimwomba turudi kwenye dirisha moja hadi nitakapotengeneza. Akakataa kata kata. Hakutaka kuwaona tena wale askari wa barabarani. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Kwani mama alikuwa amenifuata kwa macho tangu nilipoingia ofisini hadi nilipotoka, akingoja nimwambie kwamba yameisha.

Niliamua kulikamata kosa lenyewe, ili nilionyeshe kama mwizi wa kuku. Nikaongeza mistari kwenye programu, kila uzi uandike kila unachofanya na saa unayokifanya. Tangu siku hiyo, namba hazikufanana hata mara moja. Nilingoja, nikangoja, nikakaribia kumwomba Mungu zifanane.

"Unaona?" mwenye yadi akaniambia. "Amejua unamchunga. Ameacha."

Nikaitoa ile mistari. Namba zikafanana tena. Sasa nafahamu kwa nini: kule kuandika kila jambo kulizichelewesha nyuzi kidogo tu, zikawa hazikutani tena. Kosa lilitoweka kwa sababu nilikuwa nalitazama. Lakini mweleze hivyo mtu aliyeendesha malori maisha yake yote, ambaye amewaona makarani wengi wakiacha kula hongo mkaguzi akija na kurudia akiondoka! Hata mimi, nikijisikiliza, niliona naongea kama mtetezi aliyelipwa.

Kisha nikasoma habari za kufuli. Uzi ukitaka kugusa namba, ufunge kwanza, mwingine ungoje nje hadi wa kwanza umalize. Nikaandika kufuli, nikajaribu kwenye kompyuta yangu, ikawa shwari. Nikamwambia mama, "Sasa imepona." Akapiga ishara ya msalaba, akacheka.

Jumamosi namba zikafanana. Mara hii madereva hawakuuliza nani ameuza. Walishikana mashati langoni, mmoja akapasuliwa mdomo. Mwenye yadi akatoka ofisini, akaenda moja kwa moja dirisha la pili, akamwambia mama achukue mkoba wake aende nyumbani, na asirudi.

Mama akanigeukia. "Mtoto wangu, si uwaambie."

Niliwaambia. Nilisimama pale uani nikasema kosa ni langu, programu ni yangu, afukuzwe aliyeiandika. Madereva walinitazama kwa huruma. Mwenye yadi akaniwekea mkono begani.

"Uko na roho safi, madam. Lakini usijiharibie jina juu ya mtu anakulisha njugu."

Nililia chooni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kulilia.

Jumatatu nikaifungua ile programu na kuisoma upya, mstari kwa mstari, bila kujiamini hata kidogo. Nikaliona. Nilikuwa nimeupa kila uzi kufuli lake. Chumba kimoja, milango miwili, kila mtu anafunga wa kwake na kudhani yuko peke yake ndani. Kilichotakiwa ni kufuli moja la wote wawili. Nikabadilisha mstari mmoja, nikaiweka programu kazini kabla ya chai ya saa nne. Nilipiga ukelele hadi yule mpwa akachungulia. Namba hazijafanana tena tangu asubuhi hiyo.

Baada ya wiki kadhaa nikabeba kompyuta ndogo hadi ofisini kwa mzee. Nikamwonyesha: bila kufuli, namba zinafanana, nikilirudisha, hazifanani. Akatazama kwa makini sana.

"Kwa hivyo ukitaka, wewe unaweza kufanya zifanane?"

Nikaifunga kompyuta.

"Tangu huyo mama aende," akaendelea kwa upole, "umeona namba mbili hapa?"

"Sijaona, lakini siku ile ya Jumatatu nili..."

"Umeona ama hujaona?"

"Sijaona."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyemaliza kesi. Lisemwalo lipo, husema watu, na methali hiyo nimeichukia tangu hapo.

Jumapili nilipanda boda boda nikaenda Chakol. Nilimkuta mama akianika mtama kwenye turubai. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia jumuiya imeketi ikachagua mwenyekiti mwingine, "kwa muda." Akaendelea kuutandaza mtama kwa kiganja.

"Ile kitu yako imeacha?" akaniuliza.

"Imeacha, mama. Nililiona kosa."

"Lini?"

"Jumatatu ile, baada ya wewe kuondoka Jumamosi."

Kiganja kikasimama. Nilimwona akihesabu siku, kisha akielewa kile ambacho mimi, msomi wa nyuzi na kufuli, sikuwa nimekifikiria hata mara moja katika furaha yangu yote.

"Mtoto wangu," akasema polepole, "si ungeiacha irudie hata siku moja tu, mimi nikiwa huku?"

Niliondoka jua likiwa bado juu. Kesho yake nilirudi kazini, na madirisha yote mawili yalikuwa yakitoa namba vizuri, moja baada ya nyingine.