Kihispania Changu cha Kaunta

Jamani, acheni niwaambie yaliyonikuta Jumanne, mcheke mara moja tumalize.

Nafanya kazi Southall, hapa London, kwenye duka la kutuma mizigo. Nilikuwa nimechoka kufunga maboksi stoo, nataka kaunta. Bosi wangu, Mzee Gurdip, mzaliwa wa Kisumu anayeongea Kiswahili kunishinda, akasema anatafuta mtu wa kaunta anayejua Kihispania.

"Mzee, hicho nakijua," nikamwambia.

Nilichokuwa nacho ni ukurasa kwenye simu, sentensi za posta kwa wasafiri. Nikazikariri zote kwenye treni. Tafsiri sikusoma. Nani ana muda? Jumanne Mzee akaniweka kaunta.

Akaingia mama mmoja Mhispania na mzigo wake. Nikatabasamu, nikaukamata, nikamwaga yangu: "Quiero enviar este paquete a mi madre!"

Akauvuta. Nikajua hajanisikia vizuri, basi nikauvuta na mimi, nikarudia kwa sauti. Akaukumbatia kifuani, akamwita bosi kwa Kiingereza safi kabisa.

Mzee akatoka. Mimi bado natabasamu, nasubiri sifa.

"Huyu binti wako," mama akasema, "anataka kutuma mzigo wangu kwa mama yake!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mzee akanigeukia polepole.

"Mama yako si anakaa hapahapa London, Edmonton?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi kampelekee salamu. Mzigo wa watu uache." Halafu akanyoosha kidole kuelekea stoo.