Bukari Ukutani mwa Kanisa

Mimi ndiye ninayerusha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta kanisani kwetu, hapa Likasi, na niliapa kwamba Jumapili hii hakuna ubeti, strofi kama tunavyosema huku, utakaochelewa. Nikaweka kwenye kompyuta programu inayohifadhi kila ninachonakili, niwe nabandika upesi.

Mama Kapinga wa kwaya akauliza, "Weye utaweza?"

"Miye? Angalia tu!"

Kumbe programu ilikuwa imehifadhi pia ujumbe niliounakili asubuhi nimtumie mke wangu kuhusu ugali wa mchana. Strofi ya tatu ilipofika, nikabandika bila hata kutazama.

Kanisa letu huimba chochote kilicho ukutani. Wakaimba, mikono juu: "Usisonge bukari mapema, pasteri leo atasema sana."

Pasteri naye aliimba mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Ndugu, strofi ya ine iko wapi?"