Na ya Mdomo na Na ya Sindano

Mwamvita binti Abasi bin Lukumani bin Ngollo. Ngollo alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo na akarudi kwa miguu yake, jambo ambalo wengi hawakujaliwa. Mwanawe Lukumani alikuwa mnyapara wa msafara; gizani alipapasa kamba ya mzigo akakuambia ni wa nani. Abasi hakwenda mbali. Alikaa barazani Kanyenye na cherehani yake, na Idi ikifika, nusu ya kanzu za mtaa zilikuwa zimepita mkononi mwake. Na Mwamvita mwenyewe alimaliza darasa la nane wakati wasichana wenzake wakiwekwa ndani kungoja kuolewa, akawa karani wa masjala katika chama cha ushirika cha wafugaji nyuki tangu ofisi haijaezekwa. Kwa hiyo sindano ilipokuja, kila mtu alijua itakwenda kwa nani. Kila mtu, isipokuwa Katibu.

Sindano yenyewe ilikuwa ya chuma, ndefu kuliko ile ya kufumia sweta, na ilikuja pamoja na kadi ngumu zilizotobolewa matundu pembeni. Kila mfugaji alipewa kadi yake, na kila tundu lilikuwa na maana: hili la kijiji cha Ipole, lile la kijiji cha Ntalikwa, lile la wakulima wa tumbaku. Mtu akiwa wa Ipole, tundu la Ipole kwenye kadi yake hukatwa mpaka ukingoni. Basi ukitaka watu wa Ipole, unapitisha sindano katika tundu lile kwenye bunda zima, unainua, unatikisa. Wa Ipole wanaanguka mezani. Wengine wanabaki wananing'inia kama popo.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na kila wiki serikali iliuliza swali jipya: nani yuko wapi, nani analima nini. Mtu aliyeshika sindano ndiye aliyejibu, na ofisi nzima ilimsubiri yeye.

Katibu, Ndugu Ambrosi, akampa Bernadeta.

Bernadeta alikuwa binti wa katekista wa Ntalikwa, mwembamba, mpole, ametoka kozi Morogoro. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, dada Mwamvita," na Mwamvita aliitika "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayetema kokwa. Heshima ile ndiyo iliyomuudhi zaidi. Angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi kumchukia. Mwamvita alimtazama akitikisa bunda, vidole vikicheza, na wageni wakisema, "Lo, huyu binti!" Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, haushuki wala hautoki. Nyumbani alimwambia mumewe Twalibu, "Mtoto wa fundi cherehani ananyimwa sindano, anapewa mtoto wa mpiga kengele!"

"Kwani kuna kushona pale?" Twalibu akauliza. Siku ile alikula ugali na chumvi.

Kisha Bernadeta akashikwa na homa, na siku hiyohiyo Katibu akatoka chumbani kwake ameshika saa. "Ndugu Mwamvita, mizinga ya masanduku imefika wilayani. Nataka wafugaji wa Ipole na Ntalikwa wasiolima tumbaku. Wazee wa huko wameshafika, wako nje. Nisipokuwa na majina, mizinga inapelekwa kwingine leo leo."

Mwamvita alifuta meza kwa upindo wa kanga ingawa haikuwa na vumbi. Akaishika sindano kwa furaha. Akachoma tundu la tumbaku, akainua: walima tumbaku wakaanguka, akawaweka kando, akawachukua walioning'inia. Safi. Akachoma Ipole, zikaanguka kadi nyingi nzuri. Katibu kasema Ipole na Ntalikwa, basi akazichukua zilezile zilizoanguka, akazipitisha sindano katika tundu la Ntalikwa. Akainua. Akatikisa.

Haikuanguka hata moja.

Akatikisa tena. Hakuna. Na hapo, badala ya kujiuliza, moyo wake ulifurahi. Aha! Binti wa kozi kakata matundu vibaya. Leo watamjua.

Akaingia kwa Katibu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Ndugu Katibu, kwa kadi za Bernadeta, mfugaji wa namna hiyo hayupo hata mmoja."

Nje, mzee Lugembe wa Ipole alisikia. Akaingia na kofia mkononi, akaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kisha akasema, "Mama, nimepanda basi tangu alfajiri. Kama mimi sipo, nauli yangu kalipa nani? Mzimu?"

Wazee wakacheka hadi wengine wakashika ukuta. "Mguse, labda atatoweka!" mmoja akasema. Mwamvita akatamani sakafu immeze.

Wakati huo Bernadeta alikuwa ameingia, amejitanda shuka, macho mekundu kwa homa. Alisikia kuhusu mizinga akashindwa kulala. Alitazama mafungu mezani, akaelewa. Akachukua bunda la wasiolima tumbaku, akachoma Ipole, akaweka kando walioanguka. Kisha akachoma Ntalikwa katika wale waliobaki wakining'inia, nao wakaanguka. Akaunganisha mafungu mawili. Jina la Lugembe lilikuwa karibu na juu.

"Kosa ni la Kiswahili chetu, Ndugu Katibu," alisema taratibu. "Kina 'na' mbili. 'Na' ya mdomo inakusanya: wa Ipole waje, na wa Ntalikwa waje. 'Na' ya sindano inachuja: inamtaka mtu mmoja awe kote kuwili. Ukitaka kukusanya, sindano inataka uiambie 'au'. Dada Mwamvita kafuata neno lako kama ulivyolisema."

Afadhali angemtukana. Mwamvita alilijua jambo lile tangu utotoni, na hilo ndilo lililomuuma. Mteja akija barazani kwa baba yake akasema, "Nipe vitambaa vyekundu na vyeupe," Abasi hakukata mpaka aulize: viwili mbalimbali, au kimoja chenye rangi mbili? Swali hilo alilisikia kila siku, na leo hakuliuliza, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta kosa la mwenzake.

Mizinga ikaenda Ipole na Ntalikwa. Sindano ikarudi kwa Bernadeta.

Baadaye Bernadeta alihamishiwa Kigoma kufundisha wengine, akaiacha sindano kwa Mwamvita, imefungwa katika leso. Mwamvita aliishika mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuna mzee aliyewahi kuambiwa tena hayupo. Lakini wageni wakimsifu, bado alisikia mwiba ule kooni: kiti amerithi, sifa ameazima.

Siku ya kustaafu alimwita Maua, binti wa kaka yake, aliyeajiriwa masjala mwaka ule. Akamwekea leso mkononi.

"Kabla hujachoma, muulize aliyekutuma: 'na' ipi? Hata akiwa Katibu. Hata akikasirika."

"Sawa, shangazi. Wakiniuliza nani kanifundisha?"

"Sema Mwamvita binti Abasi." Akatazama dirishani. "Haya. Sema Mwamvita na Bernadeta."

"'Na' ipi hiyo, shangazi?"

Mwamvita akacheka kwa mara ya kwanza mchana ule. "Ya kukusanya, mwanangu. Kila mmoja na fungu lake. Sasa kaa. Kadi za Ipole zimechakaa. Chukua makasi, uzikate upya, na uanze na ya Lugembe."