Barabara Iliyoishia Chemchemini

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa mpimaji wa mashamba na barabara, pande za Khwisero, na nilijiona mtu. Nilikuwa na mnyororo wa kupimia, fito za rangi mbili na kofia ambayo sikuivua hata wakati wa kula. Basi wakanipa barabara ya kijiji alikotoka mke wangu.

Ilikuwa barabara fupi, imenyooka kutoka sokoni hadi chemchemini. Hapo iliishia, kwa sababu mbele ni kinamasi. Amri ya ofisi ilikuwa moja: nyumba iliyo chini ya futi mia kutoka barabarani ibomolewe. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa mbele, ukiipita chemchemi, mlimani kidogo, upande wa kushoto.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akitokea huku, wewe unaingia migombani. Na mlango wake ulitazama chemchemi, alikoteka maji tangu asubuhi. Kwa hiyo chemchemini sikufika. Nilikuwa nimefunzwa kwamba umbali kati ya nyumba na mstari hupimwa kwa pembe mraba, nami nikalishika neno hilo kwa furaha, maana lilinipitisha nyuma ya nyumba, kusiko na mlango. Nikasimamisha fito, nikaunyoosha mstari wa barabara hadi ukavuka kinamasi. Shemeji yangu akashika ncha ya mnyororo kwenye ukuta wa nyuma, mimi nikapima kutoka kwenye mstari wangu. Futi sitini na mbili. Nikaandika: ibomolewe. Hilo linaniuma hadi leo.

Mke wangu alilia. Kulipokucha akaenda kwao, akarudi na ujumbe.

"Mama anauliza, hiyo barabara yako inapitanga kwa matope?"

"Mstari ni mstari," nikamjibu kwa ukali.

"Anasema uende chemchemini. Leo hatoki nje, amejifungia."

Nilikwenda nimenuna, shemeji akinifuata. Kwenye kigingi cha mwisho cha barabara nilikuta kamba ya ndama, imeungwa na kamba nyingine na nyingine, imevutwa moja kwa moja hadi mlangoni kwake. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama yule alijua kwamba mlangoni sitafika, akanipimia mwenyewe. Shemeji alifungua ncha ya juu, akaniletea kamba, tukailaza kando ya mnyororo. Futi mia moja thelathini na moja.

Niliona haya. Barabara ikiisha imeisha. Aliye mbele yake hupimwa kutoka pale ilipokomea. Mimi nilikuwa nimepima kutoka kwenye barabara isiyokuwepo, na nyumba ya mtu ingeanguka kwa ajili yake.

Ndipo sauti yake ikatoka ndani, akimwambia mwanawe: "Mwambie mkwe, heshima yake nimeiona. Lakini mvua ikinyesha, nitalala ndani ya heshima?"

Nilivua kofia, nikageukia migomba, nikapaza sauti ili asikie.

"Mama, nyumba haibomolewi."

Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mitatu, na hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia.